Mlima Mweusi na Taa za Mweru

Usiku usio na mwezi, Ziwa Mweru huonekana kama mji. Ukisimama ufukweni Kashikishi, jirani ya Nchelenge, Zambia, utahesabu taa juu ya maji mpaka uchoke. Hao ni wavuvi wa chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili. Mwanga huwavuta samaki juu, nyavu huwazunguka kwa chini. Asubuhi huanikwa mchangani, na wakishakauka hupimwa kwa meda, yaani kopo la kupimia, na kushindiliwa kwenye magunia. Zamani taa zilikuwa karabai: mafuta ya taa, pampu ya mkono, na utambi wa kitambaa ambao ukishaungua huwa jivu tupu, ukiugusa unamong'onyoka. Siku hizi kazi hiyo inafanywa zaidi na taa za LED zinazokula betri.

Chukua moja ya taa hizo mchana, imezimwa, uitazame kwa karibu. Utaona vitone vya njano vimepangwa. Hiyo njano ni unga tu uliopakwa juu. Chini ya unga kuna kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na hicho ndicho kinachowaka. Hutoa mwanga wa buluu, unga ukaugeuza mweupe. Kipande hicho kimetengenezwa kwa galiamu iliyounganishwa na naitrojeni. Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia huko Japani, alifanikiwa kukifanya king'ae vya kutosha mwaka 1993, na mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Mchanganyiko huohuo leo umo ndani ya chaja ndogo za simu zinazojaza haraka, kwa kuwa huhimili volti kubwa na hufungua na kufunga umeme upesi kuliko silikoni.

Watu wengi wakisikia habari za chipu za kompyuta huwaza California, Taiwan na Korea. Hawajakosea. Lakini mtu wa Nchelenge ana haki ya kuisimulia historia hii kama ya jirani yake. Sehemu yake muhimu ilichimbwa ng'ambo ya maji anayoyavua, na waliochimba walikula samaki wake.

Ng'ambo hiyo ni Katanga, upande wa Kongo. Kabla ya mipaka, shaba ya huko ilisafiri kwa miguu. Mafundi waliyeyusha jiwe la kijani kwenye tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa mali ya kulipia mahari na kununulia bidhaa. Mwata Kazembe, ambaye makao yake yalikuwa upande wa kusini wa Mweru, alikaa katikati ya njia zilizounganisha bahari mbili. David Livingstone alipofika kwake Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa kutoka pwani, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Magharibi zaidi alitawala Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyekwenda kufanya biashara akaishia kuwa mfalme wa Garenganze, mji wake Bunkeya. Kiswahili kilipita katika njia hizo, na mpaka leo ndiyo lugha ya mitaa ya Lubumbashi na ya Kilwa. Hii si Kilwa Kisiwani ya pwani yetu. Ni bandari ndogo ya Kongo inayotazamana na Nchelenge.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1894 Waingereza na serikali ya Leopold walikubaliana kuufanya mto Luapula na Ziwa Mweru kuwa mpaka. Ndugu waliokuwa wakivuka kwenda harusini wakawa watu wa nchi mbili.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa, na mwaka 1911 tanuru lake la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, lilimimina shaba ya kwanza. Tanuru lilihitaji mikono. Kampuni ya Robert Williams ilipita katika vijiji vya Luapula, upande wa Waingereza, ikiandika vibarua wa kupeleka Katanga. Vijana wengi wa bonde hili waliujua mji wa Elisabethville kabla ya kuijua Lusaka. Na wafanyakazi hao walihitaji kula. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka kambi Kasenga, kando ya Luapula, wakanunua samaki wa mto na wa ziwa na kuwapeleka katika miji ya machimbo. Palikuwa na mpumbu, samaki aliyepanda mtoni kwa makundi makubwa wakati wa kutaga. Alivuliwa safarini, na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kabisa kama biashara. Anayetaka kujua gharama ya shaba ya Katanga asihesabu faranga peke yake. Amhesabu na mpumbu.

Kilomita 30 hivi kutoka Elisabethville, hatua chache kutoka mpaka wa Zambia, ulifunguliwa mgodi wa Prince Léopold katikati ya miaka ya 1920. Leo unaitwa Kipushi. Ulikuwa na shaba, na ulikuwa na zinki kwa wingi wa kushangaza. Wachimbaji waliona pia jiwe moja la rangi ya chungwa lililofanana na madini ya kawaida ya shaba, ila lilivutwa na sumaku. Waliliita borniti ya chungwa, kwa kukosa jina bora. Mwaka 1948 mtaalamu wa madini J. F. Vaes alilichunguza na kulipa jina la renierite, kwa heshima ya mwanajiolojia wa Kibelgiji Armand Renier. Jiwe hilo lilikuwa na jerimaniamu.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1871 Dmitri Mendeleev wa Urusi, akipanga elementi katika jedwali lake, aliona nafasi tupu chini ya silikoni. Akatabiri kwamba kuna kitu bado hakijapatikana, na akakitajia hadi uzito wa atomu zake. Mwaka 1886 Clemens Winkler wa Freiberg alikipata ndani ya jiwe la fedha, akakiita kwa jina la nchi yake, Ujerumani. Kwa miaka 50 na zaidi hakikuwa na kazi kubwa. Ni kitu cha kijivu, kinachong'aa, kinavunjika kama kioo.

Shaba hupitisha umeme wakati wote, kioo huuzuia wakati wote. Jerimaniamu na silikoni ziko katikati: hupitisha ukiziruhusu, huzuia ukizikataza. Kuruhusu na kukataza ndiyo kazi yote ya kompyuta, inayofanywa mara mabilioni kwa sekunde, na vitu vya namna hii huitwa semikondakta.

Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Murray Hill, Marekani, Walter Brattain alichukua pembetatu ya plastiki, akaizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu, akaipasua dhahabu hiyo kwenye ncha kwa wembe ili ziwe pande mbili zilizokaribiana mno, kisha akaigandamiza kwa springi juu ya kipande cha jerimaniamu. Umeme mdogo ulioingia upande mmoja ulitoka mkubwa upande wa pili. Hiyo ndiyo transista ya kwanza. Brattain, John Bardeen na William Shockley walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Jerimaniamu ya majaribio hayo ilitokana na zinki ya hukohuko Marekani, lakini mara tu viwanda vilipoanza kutengeneza transista kwa wingi, dunia ilianza kuitafuta kila mahali, na Kipushi ikawa moja ya vyanzo vyake vikubwa kabisa. Kati ya mwaka 1956 na 1978 mgodi huo ulitoa tani 278 hivi za jerimaniamu. Namba hiyo ni ndogo ukiilinganisha na shaba, ila transista moja ilihitaji kipande kidogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Sasa turudi ufukweni, kwa kuwa miaka hiyohiyo kulikuwa na jambo lingine Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, alishirikiana na kampuni ya betri ya Ever Ready kutengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Iliwekwa ndani ya chombo cha alumini cha mviringo, kikapakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa Kibemba na lugha nyingine za nchi. Lakini ndani ya sufuria hiyo hamkuwa na transista. Mlikuwa na vali, mirija ya kioo ambayo lazima ipashwe moto ndipo ifanye kazi, na moto huo ulikula betri. Baada ya saa 300 hivi mtu alipaswa kutafuta nyingine kwa bei ya robo ya redio yenyewe. Kwa mvuvi huo ulikuwa mzigo mkubwa.

Transista haihitaji kupashwa moto. Redio zilizofuata, kuanzia Regency ya Marekani mwaka 1954, ziliwashwa kwa betri ndogo na kubebwa mkononi, na za mwanzo karibu zote zilikuwa za jerimaniamu. Zilipoenea vijijini katika miaka ya 1960, siasa za uhuru, taarifa za bei na muziki wa Kongo viliingia hadi kwenye mitumbwi. Siwezi kusema redio fulani ya Nchelenge ilibeba chembe ya Kipushi. Hakuna awezaye kuifuata atomu. Lakini Kipushi ilikuwa katika soko lile, na samaki wa Mweru walikuwa katika chungu cha mchimbaji. Kwangu hilo linatosha kuita historia hii yetu.

Jerimaniamu ilikuwa na kasi. Elektroni hukimbia ndani yake karibu mara mbili na nusu zaidi kuliko ndani ya silikoni, na nafasi zinazoachwa wazi na elektroni, ambazo nazo hubeba umeme, husogea mara nne zaidi. Hata chipu ya kwanza, ile aliyoionyesha Jack Kilby huko Texas tarehe 12 Septemba 1958, ilitengenezwa juu ya jerimaniamu. Kwa nini basi tunaishi katika zama za silikoni?

Jibu la kwanza ni joto. Mei 1954, katika mkutano wa wahandisi mjini Dayton, Ohio, Gordon Teal wa Texas Instruments alisimama baada ya wenzake kusema kwamba transista za silikoni bado ziko mbali. Akasema anazo kadhaa mfukoni. Palikuwa na gramafoni inayocheza kwa kikuza sauti cha transista za jerimaniamu. Aliichovya transista ndani ya mafuta ya moto, na muziki ukafa. Akaweka ya silikoni, akaichovya vilevile, na muziki ukaendelea. Inasemekana watu walitoka mbio kwenda kupiga simu makazini kwao.

Jibu la pili ni kutu, na hapa Afrika inaingia kwa mlango mwingine. Mohamed Atalla, aliyezaliwa Port Said, Misri, mwaka 1924 na kusoma Chuo Kikuu cha Cairo kabla ya kwenda Marekani, alikuwa Bell akishughulika na uso wa silikoni, ambako umeme ulikuwa ukikwama. Aligundua kwamba silikoni ikipashwa moto kwa utaratibu mbele ya oksijeni huota utando wa kioo unaotuliza uso huo na kuulinda. Kwa maneno mengine, kutu ya silikoni ni kioo. Kutu ya jerimaniamu huyeyuka majini. Mwaka 1959 Atalla na Dawon Kahng wa Korea walijenga transista inayotumia utando huo kama kizuizi, na aina hiyo ndiyo iliyo ndani ya simu uliyo nayo, kwa mabilioni. Nakereka nikiona vitabu vya shule vikilitaja bonde la California na kumsahau mtoto wa Port Said.

Silikoni imejaa mchangani. Jerimaniamu ni haba, inapotea kwa joto, kutu yake haifai. Soko likahama. Jerimaniamu ikabaki na kazi za pembeni ambazo si ndogo: lenzi za kuona joto gizani, nyuzi za kioo zinazobeba intaneti chini ya bahari, na sola za setilaiti. Katanga nayo ilikuwa na mambo yake. Ilijitenga Julai 1960, ikarudishwa mwaka 1963, Union Minière ikataifishwa mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1993 Kipushi ikafungwa. Mwaka 2011 pampu zake ziliharibika, maji yakapanda na kulijaza shimo.

Lakini wakati kila mtu akiamini silikoni imeshinda, jerimaniamu ilikuwa ikirudi kimyakimya, ikipitia ndani ya silikoni yenyewe. Bernard Meyerson na wenzake wa IBM walijifunza kuotesha tabaka la silikoni iliyochanganywa na jerimaniamu, na chipu za namna hiyo zikaingia kwenye simu kupokea mawimbi. Mwaka 2003 Intel ilitumia mchanganyiko huo kubana njia ya umeme ndani ya transista zake. Silikoni ikibanwa, umeme hupita upesi zaidi. Katika chipu mpya kabisa, ambazo Samsung ilianza kuzitoa mwaka 2022, matabaka ya silikoni na ya silikoni-jerimaniamu hupangwa kwa zamu, moja juu ya jingine, kisha ya jerimaniamu hutolewa kwa kemikali, zikabaki karatasi za silikoni zimening'inia hewani, zikizungukwa pande zote na sehemu inayofungua na kufunga umeme kama koki. Wapo wanaojaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 MIT ilijenga prosesa yenye transista zaidi ya 14,000 za mirija ya kaboni, na wengine wanatumia molibdeni na salfa katika utando wa unene wa atomu chache. Hayo bado ni ya maabara. Jerimaniamu imo kazini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Nchelenge nayo ilikuwa imerudi kwenye njia ya madini. Kuanzia mwaka 2002 mzigo wa shaba na fedha wa mgodi wa Dikulushi ulivushwa ziwani kwa tishali kutoka Kilwa hadi Nchelenge, ukaendelea kwa malori. Oktoba 2004 jeshi la Kongo lilivamia Kilwa baada ya uasi wa watu wachache, na Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa zaidi ya 70. Simulizi ya madini ya ziwa hili isiyoitaja Kilwa ni ya uongo.

Ukifika Lubumbashi utaona kilima cheusi kimechomoza katikati ya mji, kando ya bomba refu la moshi. Wahunzi wetu wa zamani walikuwa na neno la kitu hicho: mavi ya chuma. Ni takataka za tanuru, mamilioni ya tani, zilizomwagwa tangu enzi za Union Minière. Madini ya Kipushi yalipoyeyushwa kupata shaba, zinki na jerimaniamu nyingi zilikwenda na takataka hizo. Kwa miongo kadhaa watoto walikua wakikitazama bila kujua kwamba ni ghala.

Tarehe 1 Agosti 2023 China, inayotoa sehemu kubwa ya galiamu na jerimaniamu ya dunia, ilianza kudai kibali kwa kila mzigo unaotoka, na Desemba 2024 ikatangaza kuzuia kabisa kuziuzia Marekani. Bei zikaruka, na macho ya wanunuzi yakarudi Katanga. Mwaka huohuo wa 2023 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilizindua kiwanda cha kuchambua kilima kile. Juni 2024 Kipushi yenyewe ilianza tena kutoa zinki.

Kutenga jerimaniamu ghafi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitakasa. William Pfann wa Bell alibuni njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1950: mche wa jerimaniamu hupitishwa taratibu ndani ya koili za moto, sehemu nyembamba iliyoyeyuka inasafiri kutoka ncha hadi ncha na kukokota uchafu, kama mtu anayefagia chumba kuelekea mlangoni. Ukirudia mara nyingi, hubaki atomu moja ngeni katika mabilioni. Hapo ndipo bei inapozaliwa. Kitwe kuna Chuo Kikuu cha Copperbelt chenye skuli ya madini, Lubumbashi kuna chuo kikuu kilichowatoa wanajiolojia na wahandisi wa Gécamines kwa miongo mingi. Nawasihi wenye mamlaka ya nchi zote mbili waweke koili hizo mikononi mwa vijana hao, hata kwa mche mmoja wa kujifunzia.

Lakini mkataba wa kuitakasa jerimaniamu hiyo ulifungwa Mei 2024 kati ya STL na Umicore ya Ubelgiji, kampuni iliyorithi Union Minière. Mzigo wa kwanza wa jerimaniamu kutoka kilima cheusi ulitangazwa Oktoba 2024. Ulipelekwa Olen, Ubelgiji, mji uleule uliosafisha radiamu ya Shinkolobwe, mgodi mwingine wa Katanga, kuanzia mwaka 1922.